Sabuni Iliyokatika Mchana

Laurencia, mama yake Simon, amechambua vitunguu vya wakwe zake kwa miaka kumi na minne. Banda la mabati liko nyuma ya nyumba yao huko Mang'ola, na yeye huingia humo jua likichomoza na kutoka jioni, macho mekundu. Mumewe, Vedasto, husafiri na malori ya vitunguu, kwa hiyo neno la mwisho pale nyumbani ni la mama yake, Mama Martha.

Mwaka huu Laurencia alijifunza kutengeneza sabuni ya maji katika semina ya akina mama Karatu. Alipoomba kuacha kazi ya bandani, mkwewe alimjibu waziwazi: "Ikiuzika mnadani, toka. Isipouzika, nisisikie tena habari za sabuni humu ndani."

Aliitengeneza jioni kwa maji ya kisima cha uani, yenye ladha ya magadi. Alfajiri sabuni ilikuwa nzito kama asali, na ukiishika chupa uliona vidole vyako upande wa pili. Saa nne, mnadani, ilianza kuwa nyeupe. Saa sita ilikuwa imekatika: mabonge yanaelea, chini maji matupu.

Sintamei, mama mfugaji aliyekuja kuuza mbuzi, aliinua chupa juu.

"Mama Simon, huyu ng'ombe umemkamua lini?"

"Ni sabuni, dada."

"Basi ina homa. Irudishe nyumbani ikalale."

Watu waliangua kicheko. Haikuuzika hata chupa moja. Mama Martha alimpa nafasi nyingine, mnada mmoja tu. Semina ilikuwa imemfundisha kwamba sabuni ikiwa nyepesi huongezwa chumvi, naye akaongeza konzi mbili. Safari hii ilikatika kabla ya saa tatu.

Ndipo aliponiletea chupa. Ninafundisha kemia katika shule ya sekondari iliyo jirani, na huu ni mwaka wangu wa kwanza. Niliizamisha chupa ndani ya mtungi wa maji baridi ya kunywa, na baada ya muda sabuni ikarudi kuwa safi na nzito. Nakiri nilifurahi kupita kiasi. Nilimweleza kwamba ule unga unaotiwa ndani ya sabuni ili iwe nzito umetokana na nyuzi za mimea, na hukaa ndani ya maji kwa kuyashikilia. Joto hulegeza mshiko huo. Chumvi na magadi nayo huyavutia maji kwao, hivyo unga huachia mapema zaidi, hata kwa joto la mchana wa kawaida.

"Kwa hiyo sikukosea?"

"Ulikosea kuongeza chumvi tu. Mengine ni kisima na jua."

"Twende ukamwambie mama. Akisikia kwa mwalimu ataamini."

Mama Martha alinisikiliza hadi mwisho, tena akaniomba nirudie sehemu ya magadi.

"Yaani kwa maji yetu na jua letu, haikai?"

"Haikai, mama. Lakini kwa maji ya mvua, bila chumvi, inaweza ku..."

"Mvua ni miezi minne kutoka leo. Na jua la hapa, mwalimu, atalizima nani?" Kisha akamgeukia Laurencia, bila ukali wowote. "Umesikia, mwanangu. Si mimi niliyekataa."

Niliaga, nikainuka.

Laurencia alinisindikiza hadi mlangoni mwa banda. Harufu ya vitunguu ilinichoma macho kabla hata sijaingia.

"Ningekuwa bado nakosea," alisema kwa sauti ya chini, "angenipa mnada wa tatu."

Akaingia, akaketi juu ya ndoo aliyoipindua, akavuta gunia la kwanza na kulifungua.