Kutoka Rubondo Kwenda Mbarara Kutafuta Mtu wa Kusema Picha Yangu Ni Mbaya

Nilisafiri kwa sababu nilichoshwa na sifa. Jumapili ile, baada ya ibada, nilimpa mchungaji wetu picha yangu ya nyota za Rubondo, mtaa wetu, aiangalie kwa utulivu. Yeye akaiinua mbele ya kanisa zima, kichwa chini miguu juu: mbingu ikawa chini, ardhi ikawa juu. Kanisa likasema Amina. Wamama wa kwaya wakapiga vigelegele. Jamani, hakuna hata mmoja aliyeigeuza! Nilikaa pale kwenye benchi nikitabasamu kama bibi harusi, na moyoni nachemka.

Si kwamba watu wetu wa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, hawana macho. Kwetu ukimwambia mtu kazi yake ina kasoro, kabla ya jioni umeshakuwa mwenye wivu, na wiki haiishi wanaulizana ulianza kumroga lini. Kwa hiyo tunasifiana tu. Lakini mimi sifa hazikunifaa tena. Napiga picha za harusi na ubatizo kwa kamera ya mtumba, na nilikuwa nimesikia kwamba studio moja ya Ruharo, mjini Mbarara, inatafuta mtu mmoja wa kumfundisha kazi mwaka mzima bila malipo. Kila mwombaji apeleke picha moja tu, mwisho Jumamosi. Nafasi ile niliitaka mpaka usingizi ukanikimbia.

Kabla ya kuondoka nilimjaribu mtu wa mwisho, jirani yangu Mama Neema, mwanamke wa Fizi, Kongo, ambaye mdomo wake haujui likizo.

"Mama Neema, niambie ukweli. Hii picha ina kasoro gani?"

"Kasoro? Iko muzuri mingi! Miye ata sijaonaka foto kama hii."

"Umeiangalia?"

"Niangalie juu ya nini, na nimeshasema iko muzuri?"

Jumatano asubuhi nikapanda boda. Kijana aliyenibeba mpaka barabara kuu alitaka kuiona picha huku pikipiki inakimbia. Nikamnyima. Akaisifu hivyo hivyo. Kuanzia pale nilipata gari, tukapita vilima vya migomba na ng'ombe wa pembe ndefu wasiomsifu mtu, na nikawapenda kwa hilo. Vumbi lilinipaka rangi moja kuanzia nyusi hadi viatu.

Mbarara mjini niliingia kwanza kwa Hajji Siraje, muuza fremu, nikiamini kwamba mtu anayeshika picha kutwa lazima awe na jicho. Aliishika yangu kwa mikono miwili, akafumba macho kama anaonja mchuzi.

"Bambi, nyabo," akaniita bibi kwa Kiganda, "hii picha! Hii inataka fremu ya dhahabu."

"Hajji, nimekuja kuuliza kasoro yake."

"Kasoro iko moja tu. Haina fremu."

Nikamshukuru nikatoka kabla hajanipimia.

Jioni nilifika karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, kwa binamu yangu Riziki, aliyeolewa na mwanajeshi. Baada ya chakula nikamwonyesha mumewe, maana nilidhani jeshini hawabembelezani. Afande aliikagua picha akiwa amesimama.

"Hizi nyota nani alizipanga?"

"Mungu, afande."

"Hapana laini hapa, hapana mstari. Moja huku, ingine kule. Na hii ingine naona inatoroka."

Riziki alicheka mpaka akashika ukuta. "Usimjali, dada. Huyu hata chapati zangu anataka zipange foleni." Nami nikacheka. Nililala nikijiambia kwamba katika mji mzima sijapata mtu wa maana.

Alhamisi, Ruharo, nikaenda kwa mwenye studio mwenyewe. Njiani watu waliniambia nisithubutu, kwamba Hajati Zamu ana maneno makali. Nikaona huyo ndiye wangu. Nilimkuta mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani, Kiswahili chake amekirithi kwa baba yake aliyetoka Bukoba. Nikamwambia sikuja kuomba nafasi siku ile, nilikuja aniambie ubaya wa picha kabla sijaituma.

Akavaa miwani, akaangalia. Akaangalia tena. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kuiangalia picha ile kweli, na mie nikaanza kujutia nauli yangu.

"Nyota zina mikia," akasema. "Umeacha kamera wazi muda mrefu mno. Nyota zinasogea, mwanangu, hazikusubiri wewe. Halafu kamera yenyewe ilitikisika. Uliiweka juu ya nini?"

"Juu ya jerikani, Hajati."

"Lilijaa?"

"Nusu."

"Ndiyo maana linacheza. Lijaze. Na hii zambarau umeitoa wapi? Mbingu ya kwenu imevaa kitenge?"

Nikajitetea kwamba niliongeza rangi kidogo kwenye simu.

"Kidogo!" Alinitazama juu ya miwani. "Haya. Hapa ni wapi?"

"Rubondo."

"Nionyeshe Rubondo."

Nikapeleka kidole sehemu ya chini ya picha. Palikuwa na weusi mtupu. Kidole kikatembea kutoka pembe hii mpaka ile, hakikupata pa kutua.

"Mbingu hii ninayo mimi pia hapa Ruharo, umeme ukikatika," akasema Hajati. "Kwenu ni wapi?"

Machozi yakanitoka, tena ya hasira. Ule weusi niliutia mwenyewe. Pale chini palikuwa na nyumba yangu ya udongo na turubai juu, na nyumba ya Mama Neema yenye turubai lililopasuka. Sikutaka watu wa Mbarara waone ninapolala. Nilimwambia hivyo hivyo, sikuficha.

Nilitegemea anipe pole. Wapi!

"Basi umepiga picha ya aibu, na hiyo ndiyo imetoka vizuri. Lete nyingine. Mwisho ni Jumamosi, kwako na kwa wenzako."

Njiani kurudi nilimtukana kimoyomoyo mpaka Isingiro. Kuanzia Isingiro nikaanza kumkubali, na nikamkumbuka yule afande na nyota yake inayotoroka. Kumbe mtu nilimpata, nikamcheka.

Rubondo, jioni ile ile, nilichota maji nikajaza jerikani mpaka mdomoni. Giza lilipoingia nikawasha taa ndani ya nyumba yangu, nikapiga. Nyota zikatulia, na chini yake vijumba vyetu vyote vikaonekana, na maturubai yake. Nilijisikia kama nimetoka nje bila nguo.

Ijumaa asubuhi nikampa Mama Neema aione kwenye simu. Alifungua mdomo asifu, kisha macho yakamtoka.

"Mubaya!" akapiga kelele. "Mubaya kabisa! Turubai yangu yote inaonekana, na ile tobo! Hauna ata haya? Bantu batasema nini?"

Nikamkumbatia palepale.

"Unacheka nini? Miye nakutukana!"

Nikamweleza yote, studio, Hajati, na ule weusi nilioutia. Nikamwambia pia kwamba akikataa, nyumba yake sitaituma. Mama Neema akaishika simu karibu na pua.

"Piga ingine," akasema. "Kama turubai itaonekana, mwenyewe pia aonekane."

Jioni alitoka amevaa kitenge cha sikukuu, taa mkononi, akasimama mlangoni pake. Nikamwonya asitikisike wala asiseme kitu mpaka nimwambie. Wanaomjua wataelewa nilichomwomba. Alisimama kimya chini ya nyota zote zile, shingo wima, anaitazama kamera kana kwamba ndiyo inayodaiwa heshima. Nikiwa nyuma ya jerikani, niliona fahari ambayo sikuwahi kuiona uani kwetu, na kupitia kwake ikaniingia na mimi. Picha ile nikaituma usiku huohuo, bila kuipunguza chochote chini.

Jumamosi usiku ikaja sauti ya Hajati kwenye simu: "Nyota za kushoto bado zina mikia. Mbingu umeipaka rangi tena, acha hiyo tabia. Na kichwa cha huyo mama kimetikisika. Jumatatu asubuhi uanze kazi. Ukichelewa, usije."

Nikapiga kelele, watu wakatoka majumbani. Nimejifunza kwamba anayekusifu bila kutazama anakuacha peke yako, na kwamba nyumba yangu inaweza kusimama chini ya mbingu yoyote. Nilikuwa nataka kumwambia Mama Neema hayo, lakini yeye alikuwa bado anairudia sauti ya Hajati, amekunja sura.

"Kichwa yangu imetikisika fasi gani?" akauliza. "Jumatatu tunaenda bote. Huyo mama atanionyesha."