Simu Tatu za Ma Koku

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na huikumbuka zaidi nikisikia simu ikiita bila kupokewa. Nilikuwa kijana, mratibu wa shirika dogo hapa Bukoba lililosaidia akina mama kupambana na mnyauko wa migomba. Kiswahili nilijifunza shuleni kama ninyi na, Mungu anisamehe, nilijiona bingwa.

Siku hiyo wafadhili walikuwa ofisini. Katikati ya kikao nikakumbuka kwamba akina mama wa Kishanda wanasubiri maelekezo. Nikamwandikia kiongozi wao, mjane aitwaye Ma Koku, simu ikiwa chini ya meza: "Ng'oeni migomba yote ya kibanja chenye mnyauko." Nilitaka kuandika "yenye mnyauko", yaani ile migomba inayoumwa tu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa vyote viwili kwa mara moja.

Ma Koku alinipigia mara tatu. Mara zote nilikata, nikamtumia ule ujumbe ambao simu huwa nao tayari: "Niko kwenye kikao." Nilitaka wageni waone nilivyo makini.

Nilipofika Kishanda siku ya pili yake, kibanja chake, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, kilikuwa uwanja mtupu. Mashina mawili tu ndiyo yaliyokuwa yanaumwa, lakini kwa kuwa yeye ni kiongozi, alianzia kwake. Migomba aliyoachiwa na mumewe, chakula cha wanawe, yote ilikuwa imeng'olewa. Kaburi la marehemu, lililozoea kivuli, lilikuwa juani. Hata hivyo aliniletea kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote.

"Waitu, nilikupigia," akasema, akiniita kwa heshima ya Kihaya. "Nilitaka kuuliza neno moja tu."

Nami nikafanya baya zaidi. Mbele ya wenzake nikasema, "Ma Koku hakuelewa maelekezo." Simu yenye ujumbe wangu ilikuwa mkononi mwake. Hakuifungua. Aliifunga kwenye pindo la kitenge, akainama.

Machipukizi mapya tulimpelekea, yakashika. Heshima niliyomvua sikuirudisha. Kila mwaka nilisema nitakwenda, na kila mwaka kikapatikana kikao. Nikaenda siku ya kumzika. Nilisimama pale kaburini nikaungama, mzee mzima nalia. Mmoja wa wale akina mama wa Kishanda akanishika mkono.

"Tulijua. Ujumbe tuliusoma kabla hujafika. Yeye ndiye aliyetuomba tusikuaibishe."

Mwanangu, ukipewa watu uwaongoze, anayekupigia kuuliza mpokelee, hata kama wakubwa wamekaa mbele yako, kwa maana yeye ndiye atakayeshika panga kwa neno lako. Kuuliza si ujinga. Mjinga nilikuwa mimi niliyekata simu. Na ukikosea, sema palepale, mbele ya haohao waliosikia.

Mungu akupe kibanja chenye kivuli, na ulimi mwepesi wa kusema "nimekosea" wakati anayestahili kuambiwa bado yupo.