Mafuta ya Simba Zizini

Naanza na hasira yenyewe, maana nikianza na salamu itapoa. Jirani yangu, mwanamke mzee wa rika langu, mjane, nusura afukuzwe mtaani kwetu huku mwisho wa Temeke kwa sababu mbuzi wangu walinusa kitu. Mbuzi walifanya kazi yao. Binadamu ndio walioniudhi.

Mbuzi wenyewe walikuwa watano, wa maziwa. Mke wangu husemaga nawapenda kuliko yeye, nami humjibu kwamba mbuzi hawaniulizi nimetoka wapi. Wote wamezaliwa hapa hapa mjini. Simba wamemwona kwenye noti ya elfu mbili tu, na mmoja wao aliwahi kuitafuna hiyo noti.

Jioni moja nikawa nawaswaga zizini, hawaingii. Wanafika mlangoni, wananyoosha shingo, wanapuliza pua kama mtu aliyevuta ugoro mkali, wanapiga kwato chini, halafu wanarudi nyuma. Mvua ikaanza. Mbuzi na mvua si marafiki, hata tone hawalitaki, lakini hawa walisimama mvuani wamebanana, wanalitazama zizi lao kama kaburi. Asubuhi maziwa hakuna. Wiki haikuisha, yule mwenye mimba akaitupa.

Kwetu Tabora nilipokuwa mdogo, kabla sijaikimbia shule darasa la pili kwa ajili ya mwalimu mmoja aliyekuwa na fimbo ndefu kuliko subira, lakini hayo tuyaache, ng'ombe wa baba walifanyaga hivyo hivyo mahali alipopita fisi. Fisi mwenyewe hayupo, unyayo huuoni, ila ng'ombe wa mbele anasimama, ananusa majani, mwili unakakamaa, kundi zima linageuka. Baba hakuwapiga. Alisema mnyama anayeliwa hangoji kuona, kwa sababu akingoja kuona ameshaliwa. Ndiyo maana hata simba akivizia huzunguka, upepo umpige usoni, harufu yake isimtangulie kwa swala.

Basi mie nikatafuta chatu. Nikapekua makuti, nikachimba pembeni, sikuona kitu. Wenzangu mtaani hawakutafuta nyoka. Walitafuta mchawi, na wakampata haraka.

Huyo jirani yangu ni Mzaramo, mie Mnyamwezi. Sie ni watani tangu mababu zetu, kutukanana ndiyo salamu yetu. Nikipita na mbuzi, yeye yuko kibarazani anamenya mihogo:

"We Mnyamwezi, mizigo uliyokuja kubeba iliisha zamani. Unangoja nini huku Pwani?"

"Nangoja ufe nirithi kitanda."

"Kitanda hukipati. Na hao mbuzi nitawala mmoja mmoja. Naanza na huyo mwenye mimba, mtoto ndiye laini."

Tunacheka, kila mtu anashika lake. Mumewe alipofariki, mie ndiye niliyeingia kaburini nikajilaza, nikagoma kutoka mpaka nipewe changu, na yeye katikati ya kilio akacheka. Ndiyo kazi ya mtani.

Sasa mtaa umejaa wapangaji wapya, na utani huo hawaujui. Walimsikia akitaja mimba, kisha wakaona mimba imetoka. "Si alisema mwenyewe ataanza na mwenye mimba?" Likazunguka dukani, likazunguka bombani. Mwenye nyumba wake akamwambia ahame mwisho wa mwezi. Kuna mwanamke aliona mwisho wa mwezi ni mbali, akamwaga maji ya samaki mlangoni kwa bibi wa watu. Na huyo bibi ahamie wapi? Watoto wake walishatangulia mbele ya haki. Chumba kile ndicho alichonacho.

Nikalibomoa zizi kwa hasira. Kwenye nguzo ya mlango, juu, karibu na makuti, nikakuta mafuta meusi yamepakwa, na kitambaa kimesokomezwa kwenye upenyo. Kinanuka vibaya, kama ngozi mbichi iliyosahauliwa juani. Nikakishika kwa kijiti nikampelekea mbuzi mmoja aliyekuwa anakula kwa raha zake mbali na zizi. Aliruka kama amechomwa na moto.

Binti yangu, aliyeolewa nyumba ya pili kutoka kwangu, alikuwa uani na mama yake. Alipokiona kile kitambaa akainamisha macho.

"Baba, ni mume wangu. Alinunua kwa muuza dawa sokoni. Mafuta ya simba. Mbwa koko walikula mbuzi wa watu kule bondeni, akasema mbwa wakinusa simba hawatasogea."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi hakuwafikiria."

Hakuwafikiria! Karani, mtu wa tai na kalamu mfukoni, kichwani mwake pua wanayo mbwa peke yao. Jamani, kati ya mbwa na mbuzi, nani ana haja zaidi ya kumjua simba? Kama yalikuwa ya simba kweli, anajua muuza dawa na Mungu wake. Mbuzi wangu hawakungoja kuuliza.

Lakini hilo ningelimeza, maana alitaka kunisaidia. Kilichonichoma ni kwamba kosa lake alilijua tangu walipogoma kuingia, akanyamaza. Ni mzee wa kanisa, aliogopa wataambiana anakwenda kwa waganga. Akaacha bibi wa watu amwagiwe maji ya samaki ili yeye asichekwe. Na mie nitamwambia nini? Ni mkwe. Mkwe kwetu hugombani naye, mkikutana njiani mnapishana kwa heshima. Nikamtuma binti yangu: mumeo aseme mwenyewe Jumapili, kwenye kikao kwa mjumbe. Akaniletea jibu kwamba atasema.

Jumapili nikaweka kitambaa mbele ya mjumbe, nikaeleza mambo ya pua za mbuzi. Mjumbe akaziba yake. Fundi mmoja wa pikipiki akasimama:

"Sasa babu, si ndio ushahidi huo? Hiyo dawa kaiweka nani kama si yeye?"

"Ehee!" kikao kikaitikia.

Nikamtazama mkwe wangu. Kakaa mbele, anatazama viatu. Jirani yangu kakaa chini kwenye mkeka, hajanitukana tangu nifike, na kwa hilo nikajua ameogopa kweli.

"Kuna mwenye neno kabla sijafunga?" mjumbe akauliza.

Mkwe akakohoa. Basi, ikawa kikohozi tu.

"Wewe, mkwe, simama!"

Ni mie niliyepiga kelele. Mke wangu akajifunika kanga usoni.

"Kitambaa hiki kina mwenyewe. Sema wewe, au niseme mie, na nikisema mie sitasema kwa adabu."

Akasimama, jasho linamtoka. "Niliweka mie. Ya mbwa."

Mnajua walifanyaje? Fundi pikipiki akasema, "Ah, basi yaishe." Yaishe! Mwenye nyumba akadai alikuwa anatania, yeye, asiyejua utani ni nini. Watu wakaanza kujikung'uta suruali waondoke. Pole hakuna.

"Mnakwenda wapi?" jirani yangu akasema pale pale mkekani. "Mlikuwa mnamtaka mchawi. Mmemkosa, au mnachagua mwingine?"



Kesho yake nikampeleka mkwe mlangoni kwa jirani yangu na mfuko wa sukari. Akapiga hodi.

"Nani?" kutoka ndani.

"Mie, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Jana kikaoni sauti ilikupotea. Leo umeiokota wapi?"

Akangoja, kisha akaja kwangu. "Baba, hafungui."

"Rudi usimame."

Akarudi. Jua la saa sita, watu wanapita, anasalimiwa, anaitikia, kila mmoja anamwona amesimama pale na sukari yake. Alasiri mlango ukafunguka. Jirani yangu akatoka, akaanua kanga zake kambani bila kumtazama, akaingia, akafunga komeo. Mkwe akageuka kunitazama. Nikatikisa kichwa, halafu nikamwambia mke wangu ampelekee maji, asije akazimia akapata kisingizio.