Mabati ya Injini na Mtani Wangu

Nilianza kufungua injini nikiwa na darasa la nne tu kichwani. Hapa mtaani Ng'ambo, Tabora, pikipiki iliyowashinda mafundi watatu huletwa kwangu, na jioni inaondoka inaunguruma. Waulizeni. Sasa nilipolinunua lile gari la mgongo wa kobe, la zamani, injini nyuma, mwenye gari mmoja wa Nzega akasema mbele ya watu kwamba fundi pikipiki hataliweza. Nikamwambia tukutane Igunga, kwenye mbio zetu za magari ya zamani. Nilitaka akubali kwa mdomo wake kwamba naweza.

Injini ile haina rejeta wala maji. Inapozwa na upepo wa feni. Niliishusha, nikaifungua yote, nikaweka pistoni mpya na ringi mpya, nikaifunga. Ilikuwa imevishwa mabati pande zote kama mgonjwa wa homa aliyefunikwa mablanketi, na joto hili la Tabora! Nikayavua yote, nikayatupa nyuma ya karakana. Pikipiki gani inavaa koti?

Nikaenda kulijaribu barabara ya Kipalapala. Kabla ya kufika seminari nikasikia harufu ya oili inayoungua, injini ikagonga, ikazima. Waseminari wakanisaidia kusukuma. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Shikamoo mzee, umeangalia maji?" Nikaitikia marahaba, basi. Nikarudi, nikafungua tena, nikabadilisha pistoni iliyonata. Safari ya pili ikazima karibu na palepale. Nilirusha spana mpaka vichakani.

Jirani yangu ni fundi bati, anatengeneza majiko ya mkaa. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Mtani akichukua kitu chako unacheka, hugombi. Akaja akasimama juu ya injini yangu, anatafuna muwa.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani bila kuuliza za nini," akasema. "Na wewe umevua mabati bila kuuliza ya nini."

"Na wa kwenu walikaa njiani kututoza hongo kwa maji ya kisima. Ondoka hapa."

"Jiko likikosa ukuta, upepo unazurura, haupiti kwenye mkaa. Hiyo feni yako inampepea nani? Inapepea Ng'ambo nzima, silinda zinaungua."

Hapo nikaona. Mabati ndiyo yanaubana upepo upite kwenye silinda. Nikakimbilia nyuma ya karakana. Hakuna kitu.

"Yako wapi?"

"Nilichukua. Sasa hivi yanapika maharage kwa watu."

Nilitamani kumkaba. Lakini mtani hakabwi.

"Nitakukatia mapya," akasema. "Hongo yangu ni kiti cha kushoto, Igunga."

"Na tumbo hilo? Gari litakaa chini!"

"Basi endelea kusukuma na waseminari."

Alipima kwa kamba na kwa jicho, akakata, akagonga. Siku tatu nzima nilimshikia bati, mimi, fundi wa mafundi, nikiambiwa "shika vizuri, mpagazi." Tulipoyafunga, gari likaenda Kipalapala na kurudi bila kunuka.

Igunga tulikimbia kwenye uwanja wa vumbi, yeye kushoto kama gunia la mpunga, akipungia watu mkono. Raundi ya mwisho yule wa Nzega akatupita kwa urefu wa gari moja. Tulikuwa wa pili. Bila tumbo lile ningempita, na hilo nitalisema mpaka nife.

Yule wa Nzega akaja, akafungua boneti ya nyuma, akaweka mkono kwenye injini. Haikuwa na joto la ajabu. Akainama, akayatazama mabati muda mrefu.

"Nimekubali," akasema. "Injini hii ameitengeneza fundi kweli. Ni nani?"

Nikafungua mdomo.

"Ni mimi," akasema mtani wangu, akijifuta vumbi usoni. "Huyu alinishikia tu."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, ningefanyaje?