Kitambaa cha Kanisa na Vumbi la Mbao

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wiki ile zilikuwa karibu zaidi. Nilikuwa natia vitambaa vya pamba rangi uani mwa ploti moja Gatina. Mvua ikanyesha, maji yangu ya buluu yakafurika kutoka mtaroni, na mashati meupe ya jirani yakaanguka humo kutoka kwenye kamba. Nikasema kosa ni la vibanio. Hakuna aliyecheka.

Mwenye ploti, mama mtu mzima asiyepandisha sauti kamwe, alisimama mlangoni.

"Nikikuja Jumamosi nipate maji ya rangi kwa mtaro, utatoka. Sitaki story."

Ningeenda wapi? Nyumbani, Kisumu Ndogo, nina chumba kimoja, na mlango wangu unafungukia mlango wa mtu. Uani pale kulikuwa na bomba na jua. Bila hivyo sina kazi.

Nilimkimbilia dada yangu, mwalimu wa kemia anayekaa mtaa wa Kianda. Akaniambia nijaze vumbi la mbao kwenye pipa lenye tundu chini, nipitishe maji humo. Nikafanya hivyo. Yakatoka ya kahawia, kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Nilimpigia simu nikimfokea.

"Uliichemsha kwanza?" akauliza. "Uliisuuza? Sis, mbao na pamba ni kitu moja, selulosi. Ile kitu inashika rangi kwa kitambaa yako ndio itaishika kwa pipa. Lakini ioshe, alafu umwage polepole."

Nilichemsha, nikasuuza, nikaanika. Ijumaa maji yalitoka meupe kabisa. Lile vumbi lililoshiba buluu nililitupa nyuma ya choo, nikalisahau.

Jumamosi mama alikuja na kitambaa chake cheupe cha kichwani, cha kanisa. Alikitumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yakitoka kwenye pipa. Akakikamua. Kilikuwa cheupe vilevile. Nusura nimkumbatie.

"Na hiyo vumbi ikishakunywa rangi," akauliza, "unapeleka wapi?"

Ningeweza kusema seremala analichukua kuchoma. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini macho yangu yalishatangulia nyuma ya choo, naye akayafuata. Lundo lilikuwa limenyeshewa, na mstari wa buluu ulikuwa ukiteremka taratibu kuelekea mtaro uleule. Nilimchukia kwa sababu alikuwa na haki.

Alichutama, akakibonyeza kitambaa chake kwenye lundo na kukishikilia hapo kwa muda. Kisha akaniwekea mkononi, kikichuruzika buluu.

"Kesho kabla ya kanisa nikipate kikiwa white. Ukiweza, kaa. Ukishindwa, beba vitu zako."

Akaondoka. Nilijaza beseni, nikaketi juu ya kigoda na sabuni mkononi. Miaka yote nimewaapia wateja wangu kwamba rangi yangu haitoki kwenye pamba, waifue watakavyo. Nilianza kusugua huku nikimwomba Mungu niwe nimekuwa nikiwadanganya.