Nyota Nne za Mama

Harufu ya chisense, dagaa wadogo wa Ziwa Mweru wanaoanikwa mchangani, ndiyo harufu ya utoto wangu pale Nchelenge. Tulikuwa wakimbizi kutoka Kongo, na mama aliuza samaki. Miezi ya baridi, baada ya ugali, alitukalisha ufukweni tutazame kusini, upande wa ziwa dogo la Mofwe, ambako nyota nne zilisimama mfano wa msalaba. Alisema Mungu ameziweka hapo ili aliye mbali na kwao ajue hajaachwa. Dada yangu mkubwa, Yaya Feza, alipopata nafasi ya kupelekwa Ulaya, kaskazini kabisa, mama hakumwomba nguo wala simu. Alimwomba autazame msalaba ule kila jioni ya miezi hiyo, naye mama autazame akiwa ufukweni, wasali pamoja.

Yaya akapiga simu analia. Alikuwa akiutafuta tangu afike.

“Mama, huku musalaba haiko. Dunia inaificha, sawa vile mutumbwi yenye kuenda Kilwa, ngambo ya ziwa, inapotea mu maji.”

Jinsi mitumbwi inavyopotea, mama alijua kuliko sisi sote. Lakini mbinguni, alisema, hakuna cha kumficha Mungu. Wanawake wenzake wa sala nao wakachochea moto: njia ya mwongo ni fupi, mtoto ameonja mkate wa wazungu akautupa msalaba. Yaya aliapa, akasihi. Mama akamjibu mara moja tu.

“Mutoto wa Mungu hawezi kukosa musalaba. Usinipigie tena.”

Tangu hapo simu ya Yaya ililia juu ya mkeka, sote tukiitazama, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nilimchukia mama kwa hilo. Bado namchukia kidogo, Mungu anisamehe. Alizikwa bila kuisikia tena sauti ya mwanawe.

Leo nami naishi huku, mtaa mmoja na Yaya. Juzi nilitoka nje ya mji, ambako taa hazifiki, nikageukia kusini. Anga lilikuwa safi, limejaa nyota, nyingine sijawahi kuziona Nchelenge. Zile nne hazikuwapo, hata moja. Aisifuye mvua imemnyea, na sisi tulimwita mwongo aliyelowa, tukiwa tumekaa pakavu.

Nilirudi nikamwambia Yaya kwamba alisema kweli. Alikuwa jikoni, anakaanga samaki wa dukani wasio na harufu yoyote. Hakugeuka.

“Mie nilijua,” alisema. “Ambia mama.”