Fundi Aliyeivuta Mvua Mpaka Kwenye Kompyuta

Fundi wa kompyuta huimba kwa pua akifanya kazi, wimbo mmoja usiofika mwisho, na karani wa takwimu, anayekaa meza ya pili, anakichukia kila kipande chake. Vidole vya fundi havigongi kibodi, vinaipapasa tu, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke. Akikosea hatukani; huiambia mashine, "Usininunie bwana, twende taratibu," kisha huipangusa skrini kwa ncha ya shati. Miaka yote karani ndiye aliyesoma mvua na joto mtandaoni kila asubuhi na kuviandika kimoja kimoja kwenye hifadhidata ya shamba, na meneja alipita mezani kwake kabla hata hajafungua ofisi yake: "Dada, leo tumwagilie au tungoje?"

Leo fundi aliiunganisha hifadhidata na mtandao, takwimu zikaanza kuingia na kujipanga zenyewe. Meneja akasimama nyuma ya kiti cha fundi, mdomo wazi. "Kaka, wewe ni mchawi! Kwa hiyo tungoje?" Fundi akaacha kuimba, akamtazama karani. "Muulize dada, bosi. Mimi nimevuta bomba tu, maji anayajua yeye." Meneja hakugeuka, alikuwa ameshasoma mwenyewe kwenye skrini. Karani akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Angalau huyu fundi angejidai kidogo, naye apate la kumsengenya kwa mdogo wake akifika nyumbani.